Alec Guinness: Sura Nyingi na Uigizaji

Wahakiki wanapomjadili Alec Guinness (1914–2000), mwigizaji wa Uingereza, aghalabu huanza na filamu ya Kind Hearts and Coronets (1949), ambamo aliigiza wahusika 8 wa ukoo mmoja, mmoja wao mwanamke. Kichekesho chenyewe ni kizuri. Hata hivyo, kuufanya wingi wa sura kuwa ndio kipimo cha umahiri wake ni kosa la kihakiki.

Tumtazame Fagin katika Oliver Twist (1948). Pua ya bandia aliyobandikwa ilirudia kejeli kongwe dhidi ya Wayahudi, na nchini Marekani filamu hiyo ilicheleweshwa hadi 1951. Katika A Passage to India (1984) alipewa nafasi ya Godbole, Mhindi wa tabaka la Brahmin, ilhali katika filamu hiyo hiyo Aziz aliigizwa na Victor Banerjee, ambaye ni Mhindi. Haiwezi kusemwa basi kwamba waigizaji Wahindi hawakupatikana.

Kipaji chake kilikuwa kwingine. Mwaka 1938, katika ukumbi wa Old Vic, London, alikuwa amemwigiza Hamlet kwa mavazi ya kisasa. Yaani hakuwa na maleba ya kale ya kujifichia. Miaka 41 baadaye, katika tamthilia ya televisheni Tinker Tailor Soldier Spy (1979), alimwigiza George Smiley, jasusi aliyeondolewa kazini kisha akaitwa kumsaka msaliti. Hapo ana miwani na koti tu. Anakaa, anasikiliza, ananyamaza; na anayehojiwa, kwa kuuogopa ukimya ule, huendelea kusema hata asiyokusudia kuyasema.