Chumba cha Mwanafunzi Kisiwe Mtego

Kila mwaka vyuo vinapofunga, vijana wengi kutoka mikoani huingia Dar es Salaam kwa mafunzo ya vitendo. Wengi hawana ndugu mjini. Wanahitaji chumba kwa wiki nane hivi, ilhali wenye nyumba walio wengi hudai kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Hapo ndipo tapeli anapopata mwanya. Hutangaza chumba kizuri Sinza au Mwenge, kodi ya mwezi mmoja mmoja, bei nafuu. Sharti lake ni moja tu: fedha itumwe leo kwa simu, kwani "kuna mteja mwingine njiani".

Kijana akishatuma, namba huzimwa. Mwingine huonyeshwa chumba halisi, kumbe aliyemwonyesha ni mpangaji anayehama, au dalali ambaye hakutumwa na mwenye nyumba, na chumba hicho kimekwisha kulipiwa na watu watatu. Fedha iliyopotea ni ya mkopo wa masomo, au ya mzazi aliyeuza mahindi yake. Hiyo ni dhuluma, na tusiipambe kwa kuiita "ujanja wa mjini".

Hatuwalaumu madalali wote, wapo waaminifu. Lakini uaminifu hupimwa. Mtu asilipe kabla ya kuingia ndani ya chumba, kuonana na mwenye nyumba, na kuuliza kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa iwapo nyumba ni yake kweli. Mkataba uandikwe, hata kama ni wa miezi miwili, na stakabadhi itolewe. Ujumbe usemao "kodi itume kwenye namba hii" usitiiwe, bali upelekwe namba 15040, inayopokea taarifa za utapeli wa simu. Aliyekwisha kuibiwa aende polisi mapema akiwa na ujumbe wa malipo, kwani kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Hata hivyo, tahadhari ya kijana peke yake haitoshi. Tapeli hushiba kwa sababu chumba cha muda mfupi hakipatikani kwa njia ya haki. Tunawaomba wenye nyumba walio miongoni mwetu wapokee kodi ya miezi miwili kwa mwanafunzi. Tunawaomba pia viongozi wa jumuiya waorodheshe mapema nyumba zinazojulikana, ili kijana mgeni apate wa kumuuliza kabla hajakutana na tapeli.