Nani kamficha mtoto huyu?

Kuna sentensi moja ambayo kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, mgeni rasmi hashuki jukwaani bila kuitamka: "Wazazi, acheni kuwaficha watoto wenye ulemavu, wapelekeni shule."

Mara ya mwisho niliisikia kwenye viwanja vya wilaya moja, saa sita na nusu, katika sherehe iliyotangazwa kuanza saa tatu. Watoto wenye ualbino walikuwa juani kwenye viti vya plastiki wakimsubiri mkubwa, na meza kuu chini ya turubai na maji yake ya chupa. Jukwaa lilikuwa na ngazi nne. Kijana wa kiti mwendo aliyepangiwa kusoma risala alinyanyuliwa na wanaume wawili kama gunia la mahindi, watu wakapiga makofi. Ikaja sentensi, wakapiga tena.

Nimeichoka. Imegeuka imani ya taifa zima kwamba mtoto hayupo darasani kwa sababu mama yake, mjinga wa watu, kamfungia chumbani. Tunaipenda kwa kuwa haina bajeti. Mama hana ofisa habari wa kumkanushia.

Jirani yangu ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto alipotimiza miaka saba, mama yake alimfunga mgongoni kwa kanga mbili, tukaenda naye shule ya msingi ya karibu, mimi nimebeba begi. Mwalimu, niseme kweli, alikuwa mpole. "Mama, sisi hapa hatuna kitengo cha elimu maalumu. Mpeleke mjini, kule kipo." Kule ni daladala mbili. Konda wa kwanza alimtazama mtoto, akagonga bati, gari likaondoka. Wa pili alitaka nauli ya watu wawili. Kitengoni swali lilikuwa moja: anajiweza chooni? Hajiwezi. "Basi mkuze kidogo kwanza, mama." Jioni mtoto akarudi nyumbani, na tangu siku ile, kwa hesabu za jukwaani, amefichwa.

Kafichwa na nani? Sheria ya Tanzania ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2009. Ada shule za msingi za serikali hakuna. Makaratasi yote yapo. Kisichokuwepo ni choo ambacho kiti mwendo kinaingia. Hakuna mwalimu wa elimu maalumu aliyepita Chuo cha Patandi, au yupo mmoja na ana darasa la watoto wa kila aina ya ulemavu peke yake. Hakuna mashine ya nukta nundu, chuma cha karibu kilo tano ambacho bei yake inapita milioni moja, na bila hicho mtoto asiyeona anakaa darasani akisikiliza chaki inavyogonga ubao. Mama gani kakificha choo? Nani kaisukuma mashine uvunguni kwake?

Tena tusijifanye hatukumbuki. Watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa Kanda ya Ziwa, watoto miongoni mwao walikusanywa kituo cha Buhangija, Shinyanga, wakakaa ndani ya uzio ili wasiuawe. Serikali ilipofanya hivyo tuliita ulinzi. Mama wa kijijini akifunga mlango wake kwa hofu ileile, anaitwa mfichaji.

Nilipoyasema haya kibarazani, bwana mmoja mwenye shahada zake alinijia juu: "Mbona kuna kipofu amesoma mpaka chuo kikuu? Ni kujituma tu." Ahsante, daktari. Kwa hiyo mtoto asiyeona ni lazima awe shujaa ndipo astahili dawati. Wewe ulimaliza darasa la saba ukitoroka kila Ijumaa, hukuambiwa ujitume, na dawati lako lilikuwepo Jumatatu likikusubiri. Wapo wavivu wanaoona, wamejaa maofisini. Mimi nataka na mtoto asiyeona apate nafasi ya kuwa mwanafunzi wa kawaida, wa kushika namba ya ishirini na tano.

Halafu kuna warsha. Nimekaa siku mbili nzima hotelini tukibishana kama tuseme "walemavu", "watu wenye ulemavu" au "wenye mahitaji maalumu". Sambusa zilikuwa nzuri, posho ilitoka kwa wakati. Sikatai kwamba neno lina uzito wake. Lakini ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili na lifti ilikuwa mbovu, wenyewe tuliokuwa tukiwatafutia jina walikunywa chai chini.

Mtoto wa jirani sasa ana miaka tisa. Kila asubuhi mama yake anamweka kwenye mkeka barazani, mgongo ukutani, mto kila upande, hatua tatu kutoka barabarani. Wanafunzi wakipita, mtoto anawaita kwa majina, na wapo wanaosimama kumwonyesha madaftari. Wiki ya sherehe lilipita gari la matangazo, spika mbili juu, likiwasihi wazazi wasiwafiche watoto. Lilipunguza mwendo mbele ya baraza kwa sababu ya shimo. Mtoto akalipungia mkono, na dereva naye akampungia.