Moshi wa Jirani na Karatasi Zake



Wiki tatu zilizopita, tulipokuwa tunafunga vitabu baada ya darsa ya akina mama ya Alasiri, alitujia mama mmoja kijana akiwa ameshika kitambaa cheupe kilichokunjwa kwa uangalifu. Tulidhani ana suala la tohara, maana watu wakitujia na nguo mkononi aghalabu ndilo linalowaleta. Alikifunua, tukaona masizi. "Shekhe," alisema, "hii ni kanzu ya mwanangu. Niliianika uani asubuhi ikiwa safi, adhuhuri nikaianua hivi. Nguo nitaifua tena. Lakini yeye je? Analala chini ya dirisha lile lile, na kifua chake hakijatulia tangu Mfunguo Tatu."

Nyuma ya nyumba yake pana kiwanda kidogo chenye dohani. Hatutakitaja, kwa kuwa hatujathibitisha lolote juu yake, na kumtuhumu mtu pasi na ushahidi ni dhambi hata akiwa na dohani. Mtoto alikwisha kupelekwa hospitali, akapewa dawa ya kuvuta, na mama akaulizwa kama nyumbani pana moshi. Hapo ndipo mashaka yake yalipoanzia. Jirani mmoja alimtumia ujumbe wa simu kwamba moshi ule unaua figo. Mwingine alimwambia ni mvuke tu, asijitie wasiwasi. Naye hakutaka maneno ya huyu wala ya yule. Alitaka kujua kinachotoka mle ni kitu gani, na kama serikali inakijua.

Tulifurahi kwa suali lile, kwani ndiyo adabu tunayofunzwa katika aya ya 6 ya Suratul Hujurat kuhusu kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Ila tukiri kwamba jibu hatukuwa nalo. Tulimwita binti mmoja wa madrasa yetu, aliye kidato cha nne na mwepesi wa simu, tukaketi watatu barazani mbele ya macho ya watu, tukaanza kutafuta.

Kwanza tuliandika kwa Kiswahili, tukaletewa habari za magazeti na matangazo ya mashine za kusafisha hewa. Kisha binti akafungua ile programu ya hali ya hewa iliyo katika simu za wengi wetu, ikatokea namba na rangi ya kijani kwamba hewa ya mji ni nzuri. Mama yule alishusha pumzi. Sisi nasi tulikaribia kumwambia arudi nyumbani akashukuru. Alhamdulillahi, hatukumwambia.

Namba ile haikuwa imepimwa pale. Mara nyingi programu hizo hukadiria kwa hesabu, kwa kutumia picha za setilaiti na vipimo vya mbali, hata kama hapana chombo chochote cha kupimia hewa katika mtaa wako. Tena aghalabu huhesabu vitu vichache tu, na kikubwa chao ni chembe laini ziitwazo PM2.5. Hizo ni chembe ambazo kipenyo chake hakizidi maikromita 2.5, yaani unywele mmoja wa kichwa huzizidi kwa unene kiasi cha mara 30. Kwa udogo huo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kuzipima ni jambo la maana sana. Lakini kipimo cha chembe hueleza wingi wake tu, hakielezi zimetokana na kitu gani. Chembe za vumbi la barabara na chembe za madini huhesabiwa pamoja.

Hapa Mombasa hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Wakazi wa Owino Uhuru, upande wa Changamwe, waliishi ubavuni mwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Bi. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi mle, na miongoni mwa kazi alizopewa ilikuwa kushughulikia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mtoto wake mchanga aliugua, akatibiwa kwa maradhi mengine, na baadaye damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa ni salama. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Upeo ikairejesha Desemba 2024. Waliokuwa wakinyonyeshwa kiwanda kilipokuwa kikifanya kazi walikwisha kuwa vijana kabla ya kesi kufika mwisho.

Tufikirie basi kama mama wa Owino Uhuru angalikuwa na simu yenye programu ile. Hata siku iliyong'aa kijani isingalimwambia lolote juu ya risasi. Aliyohitaji ni karatasi za kiwanda chenyewe, na hizo ni za namna nyingine kabisa.

Karatasi hizo zipo kwa mujibu wa sheria. Chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, mradi wa namna hii hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, na mamlaka ya NEMA ndiyo huipokea na kutoa leseni. Katika ripoti hiyo mwenye mradi hueleza ataleta malighafi gani, atachoma nini, kitatoka nini, na atakizuia vipi. Ripoti kubwa hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazeti ya kila siku ili wananchi watoe maoni, na mamlaka huweka ripoti nyingi katika tovuti yake. Kisha ziko Kanuni za Ubora wa Hewa, ambazo mwishoni zina majedwali ya viwango na zinataja kazi zinazohitaji leseni ya kutoa moshi. Sheria, kanuni na Gazeti Rasmi vyote husomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law.

Binti wetu alizipata kanuni hizo baada ya kama nusu saa. Karibu nusu saa nzima ilipotea kwa sababu tulikuwa tukitafuta kwa maneno yetu ya moshi na vumbi, hali serikali huandika kwa maneno yake, tena kwa Kiingereza. Tulipoandika jina kamili la kanuni na mwaka wake, zilitokea mara moja. Kwa hiyo anayetafuta aanze na jina la waraka, si jina la maradhi. Na kwa ripoti ya kiwanda, atafute kwa jina la kampuni kama lilivyo kwenye kibao cha langoni, pamoja na jina la mahali, kwa sababu huenda watu wa mtaani wanakiita kwa jina jingine kabisa.

Majedwali yalitutatiza zaidi. Sisi tumezoea kurejea kitabu cha fiqhi kwa kuangalia mlango na sharhi, na waraka huu hauna sharhi. Binti akatufahamisha kwamba kipimo kile ni maikrogramu katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, na maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Halafu akatuonya, nasi tukaona haya kuonywa na mwanafunzi, kwamba namba ya rangi iliyo kwenye simu si maikrogramu. Ni daraja lililotengenezwa ili watu waelewe kwa wepesi, na hamsini ya pale si hamsini ya jedwalini. Tarehe nayo ina hukumu yake. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chembe laini zisizidi wastani wa 10 kwa mwaka, na mwaka 2021 likashusha hadi 5 kwa mwaka na 15 kwa siku. Atakayesoma waraka wa zamani atadhani yuko salama kwa kipimo kilichokwisha kuachwa. Tena hayo ni mapendekezo ya kiafya. Viwango vya kisheria vya nchi ni vile vilivyomo katika kanuni za nchi.

Ripoti ya kiwanda cha jirani wa mama yetu hatukuipata mtandaoni. Kutoipata si ushahidi kwamba haipo, wala si ushahidi kwamba mambo ni shwari. Ndipo tukamkumbusha, na wengi hawalijui jambo hili, kwamba kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, na afisa akamwandikia. Mwombaji hahitaji kueleza sababu yake, na ombi lenyewe halina ada, ingawa huenda akatakiwa kulipia nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikiwa habari yenyewe inahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Muda ule wa siku 21 unaweza kuongezwa mara moja tu, usizidi siku 14. Akinyimwa, hupeleka malalamiko kwa ile tume ijulikanayo na wengi kwa jina la Ombudsman.

Kwa mtazamo wetu, habari hizi ni amana. Aliyezikusanya kwa fedha za umma amewekewa na wenyewe, na amana hurudishwa kwa mwenyewe aitakapo. Wanazuoni wetu wa fiqhi walijadili zamani moshi wa tanuri na wa hamamu unaomuudhi jirani, na wakalipima jambo kwa kanuni ya kuondoa madhara. Lakini kadhi hawezi kuondoa madhara asiyoelezwa ni madhara gani.

Hapa tuseme neno ambalo huenda lisiwapendeze wote. Daktari alipouliza kama nyumbani pana moshi, mama yetu alijibu hapana, akifikiria dohani ya kiwanda iko nje. Tulipomuuliza taratibu, alisema hupika kwa makaa ndani siku za mvua, na kila jioni hufukiza udi chumbani mtoto akiwa amelala, milango imefungwa ili harufu isipotee. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, moshi wa majikoni ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hatusemi watu waache udi; manukato ni katika mambo yaliyopendwa na Mtume wetu (SAW). Tunasema chetezo kikae uani au sebuleni madirisha yakiwa wazi, na mwenye pumu asifukiziwe. Tena akija mkaguzi, mwenye kiwanda asipate pa kusingizia.

Barua tuliiandika pale pale barazani, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Iliomba vitu vitatu: nakala ya ripoti ya tathmini ya mazingira ya kiwanda hicho, nakala ya leseni yake ya kutoa moshi, na matokeo ya vipimo vya dohani yake kwa miaka miwili iliyopita pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Hatukuandika kwamba kinaua figo, wala kwamba ni mvuke. Mama aliipeleka mwenyewe katika ofisi ya mazingira ya kaunti. Karani wa mapokezi alimwambia aandike upya kwa Kiingereza. Akamwonyesha kifungu cha sheria katika simu, karani akakisoma, akagonga muhuri, akampa nakala yake yenye tarehe.

Leo ni siku ya 17. Kanzu sasa inaanikwa ndani, chetezo kimehamia uani, na mtoto amelala vizuri usiku tatu mfululizo, ingawa upepo nao umegeuka. Siku ya 21 ni Jumanne. Jibu likija tutalisoma pamoja hapa, jedwali kwa jedwali, inshaallah, na lisipokuja, barua ya pili tumekwisha kuiandika.