WANYAMA WA NCHI YETU: KONGONI

Mtu akaaye Kilimani, akitaka kumwona kongoni, hana haja ya kufunga safari ya siku nyingi. Atashuka mpaka barabara ya Lang'ata, na huko ataukuta mlango wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ya kwanza ya namna yake katika Kenya. Majumba marefu ya mji huonekana nyuma ya mnyama huyo anapokula majani.

Kongoni hakujaliwa uzuri. Uso wake ni mrefu kupita kiasi, na mgongo wateremka kutoka mabegani mpaka matakoni kama paa la banda. Wageni humcheka. Lakini sura hiyo ina kazi yake, kwa maana mdomo ule mrefu, mwembamba, hupenya katikati ya mabua makavu na kuchagua jani lililo bado na uhai. Ndiyo sababu wakati wa kiangazi, ng'ombe wa mkulima wakionyesha mbavu, kongoni huweza kudumu katika malisho yale yale.

Dume hushika eneo lake mwenyewe, akalitia alama kwa marundo ya mavi, kisha hupanda juu ya kichuguu na kusimama kama askari wa zamu. Akija dume mwingine, wote wawili hupiga magoti na kugongana kwa pembe. Majike hupita wapendavyo wakifuata majani. Kwa hiyo mwenye nyasi bora ndiye apataye wake. Aliyeshindwa hana rufani. Huondoka akajiunga na madume wengine wasio na makao, kama mpangaji aliyetolewa vyombo vyake nje.

Jike huchukua mimba muda wa miezi minane, huzaa ndama mmoja, naye humficha majanini kwa majuma mawili hivi, akimrudia kumnyonyesha.

Upande wa kusini mbuga haina ua. Mpaka wake ni mto Mbagathi. Zamani, mvua zikinyesha, kongoni, nyumbu na punda milia walivuka kwa wingi wakaenea katika nyanda za Kitengela, wakarudi penye mabwawa ya mbugani nchi ilipokauka. Sasa sehemu kubwa ya nyanda hizo imekatwa viwanja, na nyua za waya zimesimama njiani. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Kimarekani kwa eka kila mwaka, ili wasizungushe ua. Si fedha ya kudharauliwa kwa mwenye eka mia. Lakini mnunuzi wa kiwanja huja na nyingi zaidi, tena kwa siku moja, na mzazi mwenye karo za watoto mkononi hana budi kuzihesabu.