Figo Mpya, Mishipa Ileile

Leo nina neno kuhusu michango yetu.

Sisi watu wa Afrika Mashariki hapa Berea kwa kuchanga hatujambo. Mtu akiambiwa apandikizwe figo, daftari linazunguka kuanzia Ponte mpaka Yeoville. Upasuaji ukifaulu tunapiga vigelegele, na daftari linafungwa. Hapo ndipo mimi nasema hapana.

Madaktari wa figo wanajua kwamba wengi hufariki huku figo mpya bado inafanya kazi. Kinachowaua mara nyingi ni moyo na mishipa ya damu. Figo ilipokuwa mbovu, presha na fosfeti viliifanya mishipa iwe migumu, chokaa ikajijenga kwenye kuta zake. Figo mpya hupunguza balaa, lakini hairudishi ujana wa mishipa. Halafu kuna dawa za kuzuia mwili usiikatae figo: siklosporini na takrolimasi hupandisha presha, steroidi huongeza sukari na mafuta kwenye damu. Na kuziacha huwezi jamani, ukiziacha figo imekwenda.

Mwaka 1997 Thiagraj Soobramoney wa Durban aliiomba Mahakama ya Katiba iamuru hospitali ya serikali imsafishe damu. Nafasi chache zilizokuwepo walipewa wanaofaa kupandikizwa figo, na yeye, kwa ugonjwa wa moyo na mishipa, hakufaa. Akashindwa, akafariki muda mfupi baada ya hukumu. Mahakama hiyo leo iko Constitution Hill, kwa miguu tu unafika. Sasa mwenzetu aliyebahatika kuvuka mlango ule, tunamwacha peke yake?

Jirani yangu ana figo ya dada yake. Kila Jumamosi washikaji wanamsogezea nyama choma yenye chumvi kibao: "Kula bwana, si umeshapona!" Anaona haya kusema presha imepanda, anaogopa tutaona mchango wetu umepotea bure. Hilo linaniuma kuliko hiyo chumvi.

Muhimbili nayo ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, kwa hiyo wenzetu wa namna hii wataongezeka. Napendekeza daftari libaki wazi: mashine ya kupima presha nyumbani, nauli ya kliniki, na mtu wa kutembea naye jioni (ngazi za Ponte zipo, ghorofa 54, ila tusimuue!). Mhazini, naomba hili liingie kwenye ajenda ya mkutano ujao.