Elfu kumi na mbili ni ngapi?

Naandika haya nikiwa Getanuwas, wilayani Hanang, ambako wengi huzungumza Kibarabaig au Kiiraqw nyumbani, lakini bei na madeni hutajwa kwa Kiswahili. Kikundi kimoja cha akiba kiliniomba nilihamishie daftari lake katika kompyuta. Nikatumia QBasic, lugha kongwe niliyojifunza ujanani, kuandika programu fupi ya kusoma kila mstari, kugeuza maandishi kuwa namba, kisha kujumlisha.

Jumla ilitoka ndogo ajabu. Mama mmoja aliyeweka 12,000/= alionekana ana shilingi 12. Mwenzake aliyeandikiwa "Sh. 12,000" alipata sifuri. Mama yule aliniuliza, kwa upole ulionichoma, iwapo fedha zake zimepotea.

Kosa lilikuwa langu. Agizo la VAL husoma tarakimu kutoka kushoto, na likikutana na alama lisiyoitambua hukomea hapo bila kusema neno. Mkato wetu wa maelfu ulilikomesha kwenye 12. Herufi S ililizuia hata kuanza. Turbo Pascal, iliyotoka mwaka 1983, ni ya kiungwana zaidi: utaratibu wake wa Val hurudisha pia nafasi ya herufi iliyoukwamisha. Kwa "12,000/=" hujibu 3, yaani mkato. Naipenda tabia hiyo ya kukiri mahali palipoleta shaka.

Mikato na alama niliziondoa kwa dakika chache. Mistari iliyoandikwa kwa maneno ndiyo iliyonikalisha hadi usiku, na hapo mashine haikuwa na lawama. "Kilo elfu kumi na mbili" za mahindi: ni 12,000 au 10,002? Sarufi inaruhusu zote mbili. "Laki moja na hamsini", bei ya ndama: anayekwenda mnadani husikia 150,000, kwa kuwa sikio lake huongeza "elfu" isiyotamkwa, programu yangu, kwa utiifu wake wote, ilitoa 100,050.

Wapo watakaosema muktadha unatosha. Unatosha kwa waliokuwapo wakati wa kupima. Katibu aliyeandika mstari ule wa mahindi alikwisha kuhama, na wanakikundi wawili waliukumbuka kwa namna mbili.

Ndiyo maana nashikilia kwamba katika maandishi ya hesabu tutangulize idadi: "kumi na mbili elfu" kwa 12,000, na "elfu kumi, na mbili" kwa 10,002, mkato ukiwa wazi. Mpangilio huo si mgeni. Wazee wengi huutumia, na walimu wangeweza kuusisitiza tangu darasa la pili badala ya kuuacha uonekane kuwa wa kizamani. Mtunzi wa utenzi anayetaja tarehe au idadi ya beti mwishoni nimemsamehe, maana yeye hupanga namba kwa amri ya mizani na vina. Mtunza daftari hana udhuru huo.

Programu nimeibadilisha. Sasa ikikuta neno lenye maana mbili haikisii. Husimama na kuonyesha mstari. Ilisimama mara tatu. Mistari miwili tulisahihisha pamoja na wenyewe. Ule wa mahindi tumeuacha mtupu, na mbele yake tumeandika kwa kalamu nyekundu: ulizeni tena.