Chambo cha Remba Kitoke Bwawani

UFUONI, na Ouma Nyakwaka

Saa kumi jioni kisiwani Remba, Ziwa Victoria, kabla mashua hazijatoka, kuna kazi isiyotaka pupa. Kijana anazamisha mkono ndani ya jerikeni lililokatwa mdomo, anaibuka na mumi wa urefu wa kidole, anampitisha ndoano mgongoni, juu ya uti, chini kidogo ya pezi. Akiutoboa uti, mumi amekwisha, na mbuta hufuata windo linalotikisika. Akitobolewa vizuri, mumi huyo ataogelea kwenye ndoano hadi alfajiri.

Uvuvi huu wa mshipi mrefu wenye ndoano nyingi nausifu bila kusita. Ndoano kubwa humwacha mbuta mchanga apite, na sheria zetu zinakataza kuvua mbuta aliye chini ya sentimita 50. Kokoro, au rimba kama tunavyoliita huku kwetu, halichagui. Hukokota mama, mtoto na mayai. Shida iko kwingine, na ndiyo inayoninyima raha: chambo.

Nilichungulia jerikeni la pili. Mlikuwa na fulu, wadogo, nusu yao tumbo juu.

"Hawa mmewatoa wapi?" nikauliza.

"Jaduong', hao ni wa watu wa rimba," akajibu kijana, macho yakiwa kwenye ndoano. "Mumi wakikosekana, tufanyeje?"

Basi mshipi tunaousifu kwa kuokoa samaki wachanga unalishwa na wavu uliopigwa marufuku, uliokokotwa kwenye maji mafupi ambako ngege hutaga na kulea. Tumefunga mlango wa mbele, wa nyuma uko wazi.

Na fulu si samaki wa kuchezewa. Ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina zake. Mbuta alipoletwa miaka ya 1950 na 1960, aliwala, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa zimetoweka. Mbuta walipopungua kwa kuvuliwa, baadhi ya fulu wakaanza kurudi. Hao wachache walionusurika katika kinywa cha mbuta, leo tunawatunga kwenye ndoano na kumrudishia.

Isitoshe, fulu ni chambo dhaifu. Mumi ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo hustahimili ndoo na safari ndefu. Fulu maji yakichakaa tu anakata roho. Majira nayo yana neno. Kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusini hulikoroga ziwa, hewa ikafika chini, na mbuta wakashuka nayo. Upepo ukitulia, maji hujipanga tabaka, ya chini yakakosa hewa, na mbuta wakapanda. Mvuvi asiyepandisha mshipi wakati huo huwazamisha chambo hai mahali pasipo na uhai, akaamka na ndoano zenye mizoga mizima, isiyoumwa.

Mumi wa kutosha wanaweza kutoka bwawani. Hili si ndoto: wafugaji wa magharibi mwa Kenya wamewahi kuzalisha vifaranga wa mumi kwa ajili ya chambo, na Sangoro kuna kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki. Kazi ina ugumu wake. Mumi bwawani hatagi kirahisi. Hudungwa homoni, mayai yakakamuliwa kwa mkono. Vifaranga nao hulana, mkubwa akammeza mdogo, kwa hiyo sharti watenganishwe kwa ukubwa mara kwa mara. Lakini chambo hakihitaji miezi ya kunenepeshwa kama samaki wa mezani. Kinauzwa kikiwa kidole, na mwenye bwawa anashika pesa mapema.

Naisihi kaunti ya Homa Bay ianzishe vitalu vya mumi upande wa Mbita, na mapipa ya vifaranga yavushwe kwa ratiba inayojulikana. Nazisihi pia BMU, yaani kamati za usimamizi wa fukwe, zinazokagua matundu ya nyavu, zianze kukagua jerikeni la chambo na kuuliza lilikojazwa. Kuwapiga faini vijana kabla mumi hawajafika kutakuwa ni kuwaonea.

Jua lilipokaribia maji, kijana alibadilisha maji ya mumi waliobaki, akawafunika kwa gunia bichi. Nilimweleza habari za bwawa. Akasikiliza, mguu mmoja tayari ndani ya mashua.

"Wakiletwa hapa kila wiki, jaduong'," akasema, "mtu wa rimba nitamfuatia nini?"